Chuo Kikuu cha Wafanyakazi: Nani Alipe?

Watu wengi hudhani ya kuwa chuo kikuu ni mahali pa vijana tu. Wamwonapo mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 40, au mwuguzi mwenye watoto wanne, au karani wa forodha, akibeba vitabu jioni baada ya kazi, hutabasamu na kumwuliza anatafuta nini. Jawabu ni jepesi. Anatafuta kile alichokikosa alipokuwa kijana, ama kwa umaskini wa wazazi, ama kwa uhaba wa nafasi, ama kwa kuwa alilazimika kuwalisha wadogo zake. Elimu haina mwisho, wala haiulizi umri.

Lakini leo hatukusudii kueleza faida ya elimu, maana wasomaji wetu waijua. Twakusudia kusema habari za fedha. Chuo kikuu cha watu wenye kazi hakiendeshwi kwa sifa wala kwa hotuba. Kinahitaji walimu, taa, vitabu, karatasi za mitihani na watu wa kuzisahihisha, na vyote hivyo hununuliwa. Basi ni nani alipe? Serikali? Matajiri? Wafadhili wa ng'ambo? Au wafanyakazi wenyewe? Swali hili si geni. Limeulizwa kwa miaka 200 sasa, na wale waliolijibu kabla yetu wametuachia mafunzo yanayostahili kutazamwa kwa makini, maana yeye atoaye fedha kwa kawaida hutaka pia kutoa amri.

UGUMU WA CHUO CHA NAMNA HII

Yafaa kwanza tufahamu kwa nini chuo cha watu wazima wenye kazi ni vigumu kukipatia fedha kuliko chuo cha vijana.

Mwanafunzi wa chuo hiki hulipa ada kidogo kidogo, tena kwa mshahara uliokwisha kugawanywa kabla haujapokelewa: kodi ya nyumba, karo ya watoto, dawa za wazee. Mwezi wa msiba halipi. Mwaka wa ukame halipi. Akirudi mwaka unaofuata, chuo chenye haki kitampokea, lakini hesabu za mweka hazina zitakuwa zimekwisha kuharibika.

Tena mwanafunzi huyu hakai miaka mitatu akaondoka. Hukaa mitano, sita, au zaidi. Kila mwaka chuo chamwandikisha, chamtungia mtihani, chamsahihishia na kumtunzia kumbukumbu zake. Ikiwa masomo hutolewa jioni, walimu hawana budi kulipwa kwa saa ambazo wenzao wamelala. Ikiwa masomo hutolewa kwa mbali, kila somo lazima liandikwe upya kwa namna ambayo mtu aliye peke yake, kwenye meza ya jikoni, aweza kulifahamu pasipo mwalimu mbele yake. Na vituo vifunguliwe mikoani ili apate mahali pa kuuliza na kufanyia mitihani. Hizo zote ni gharama zisizoonekana na macho.

Na hapo ndipo penye shida kubwa. Mfadhili apenda jengo. Jengo laonekana, lafunguliwa kwa utepe, lawekwa jiwe lenye jina lake. Ni wachache wapendao jina lao liandikwe juu ya mshahara wa msahihishaji wa mitihani, ijapokuwa pasipo yeye chuo hakipo. Aidha mwanafunzi mwenye kazi hana sauti. Halali bwenini, haandamani, wala hana nafasi ya kwenda kuwaona wakubwa. Fedha za chuo chake zikipunguzwa, hakuna kelele zinazosikika. Huacha masomo kimya kimya, akarudi kazini.

MAFUNDI WA LONDON, 1823

George Birkbeck alikuwa daktari, mzaliwa wa Yorkshire nchini Uingereza. Alipokuwa kijana alifundisha sayansi huko Glasgow. Alihitaji vyombo vya kuonyeshea masomo yake, naye akaenda kwenye karakana za mafundi ili avitengenezewe. Huko aliona jambo lililomshangaza: mafundi walimzunguka wakamwuliza maswali juu ya kile walichokuwa wakikiunda kwa mikono yao wenyewe. Walijua kukiunda, lakini hakuna aliyewaeleza kwa nini chafanya kazi. Mwaka 1800 akaanza kuwafundisha usiku bila malipo. Mara ya kwanza walifika watu 75. Ilipofika mara ya nne walikuwa kama 500.

Birkbeck aliondoka Glasgow mwaka 1804 akaenda kuishi London. Mwaka 1823 mafundi wa Glasgow wakajitenga na kuanzisha chuo chao wenyewe. Habari zilipofika London, waandishi wawili, Joseph Clinton Robertson na Thomas Hodgskin, waliokuwa wakitoa gazeti la mafundi, walitoa mwito kwamba London nayo iwe na chuo cha namna hiyo. Tarehe 11 Novemba 1823 ulifanyika mkutano katika nyumba ya wageni iliyoitwa Crown and Anchor, nao watu wapatao 2,000 wakahudhuria. Tarehe 2 Desemba mwaka uo huo chuo kikaundwa, Birkbeck akiwa rais wake.

Ada iliwekwa pauni moja kwa mwaka, yaani shilingi 5 kila miezi mitatu. Wasomaji wetu wasizidharau shilingi 5 zile. Fundi stadi wa London wakati huo alipata kama shilingi 30 kwa juma la kazi la siku sita. Maana yake ni kwamba kila miezi mitatu alitoa mshahara wa siku nzima ili apate ruhusa ya kwenda kusoma akiwa amechoka. Tena iliwekwa kanuni kwamba theluthi mbili za wajumbe wa kamati ya chuo wawe wafanyakazi wenyewe. Basi fundi hakuwa mgeni katika chuo kile. Alikuwa mmoja wa wenyeji wake.

Wako watu wakubwa waliokasirika. Walisema kumfundisha mtu wa kazi ni kupanda mbegu za uasi, kwamba akijua mengi hatatii. Maneno hayo twayafahamu, maana hata huku kwetu yamesemwa juu ya watu wengi: juu ya Mwafrika, juu ya mwanamke, juu ya mkulima. Chuo kile hakikuyajali. Kufikia mwaka 1830 kilikuwa kimekwisha wafungulia wanawake mlango, miaka mingi kabla vyuo vikuu vya Uingereza havijafanya hivyo.

UGOMVI JUU YA FEDHA

Lakini chuo hakijamaliza hata miezi michache, ukazuka ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya swali letu la leo.

Robertson na Hodgskin walisema: chuo cha wafanyakazi kilipwe na wafanyakazi, pasipo kuomba kwa matajiri. Afadhali chumba kidogo cha kukodi kilicho chetu kuliko ukumbi mkubwa ulio wa bwana mwingine. Mkipokea fedha za wakubwa leo, kesho wakubwa watawachagulia mwalimu, na kesho kutwa watawachagulia la kufundishwa.

Upande wa pili alikuwako Francis Place. Mtu huyu hakuwa tajiri wa kuzaliwa. Alikuwa mshona nguo aliyeonja njaa, akafanya bidii mpaka akapata duka lake. Yeye alisema: nawajua mafundi, maana nimetoka kwao. Mishahara yao haitoshi kujenga ukumbi, kununua vyombo vya sayansi na kuwalipa walimu. Tukingoja shilingi zao tu, chuo kitakufa kabla hakijazaliwa. Basi akawaendea matajiri, mmoja baada ya mmoja, na kukusanya michango.

Upande wa Place ulishinda. Chuo kikapata fedha, na Birkbeck mwenyewe akakikopesha zaidi ya pauni 3,000 ili kijengewe ukumbi, ambao ulifunguliwa mwaka 1825. Lakini onyo la Robertson na Hodgskin nalo halikuwa la bure. Mwishoni mwa mwaka 1825 Uingereza ilipatwa na msukosuko wa mabenki. Kazi zikapungua, na katika miaka iliyofuata wanachama nao wakapungua. Ukumbi ulikuwapo, na deni lilikuwapo. Watu wa kulipa ada ndio waliokuwa wachache. Chuo kikaishi miaka mingi katika dhiki, kikivuta pumzi kwa shida.

Tukipima maneno ya pande zote mbili, twaona kwamba kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Place alikuwa na haki kusema kwamba shilingi ya mfanyakazi peke yake haitoshi. Hodgskin na Robertson walikuwa na haki kusema kwamba pasipo shilingi ya mfanyakazi chuo si chake. Jambo lililokiokoa chuo kile ni kwamba ile kanuni ya ada, na ile desturi ya wafanyakazi kukaa katika kamati, zilikuwapo tangu siku ya kwanza, kabla ya zawadi kubwa. Chuo kikakua polepole. Mwaka 1920 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, nacho mpaka leo chaitwa Birkbeck, na sifa yake ni masomo ya jioni kwa watu wenye kazi. Ramsay MacDonald, mtoto wa maskini aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1924, alisoma humo. Marcus Garvey wa Jamaika, ambaye jina lake lilisikika Afrika nzima, naye alisoma humo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

OXFORD NA KIVUKONI

Mfano wa pili una uhusiano wa karibu zaidi na nchi zetu. Mwaka 1899 Wamarekani wawili, Charles Beard na Walter Vrooman, walianzisha huko Oxford chuo cha wafanyakazi kilichoitwa kwa jina la Ruskin. Fedha za kuanzia zilitoka zaidi kwa mke wa Vrooman, aliyekuwa mwenye mali. Baada ya miaka michache akina Vrooman walirudi Marekani, na fedha zao zikakoma. Chuo kikabaki kama nyumba ambayo nguzo yake imeng'olewa. Ndipo kilipowaendea vyama vya wafanyakazi, na vyama hivyo vikaanza kuwalipia wanachama wao waje kusoma. Kilichookoa chuo ni michango midogo ya wengi, baada ya mchango mkubwa wa mmoja kukatika.

Hata hivyo ugomvi wa amri ulirudi. Mwaka 1909 wanafunzi wa Ruskin waligoma. Walihofu kwamba Chuo Kikuu cha Oxford kinataka kukishika chuo chao na kubadili mafundisho yake, nao wakamtetea mkuu wao, Dennis Hird, aliyekuwa ametakiwa aondoke. Baadhi yao wakatoka na kusaidia kuanzisha chuo kingine. Hatusemi nani alikosa. Twasema tu kwamba mambo hayo hayakuandikwa mapema, wakati wa amani, na kwa hiyo yakaamuliwa wakati wa hasira.

Katika chuo hicho cha Ruskin alisoma Tom Mboya wa Kenya, mwaka 1955 na 1956. Alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa afya mjini Nairobi na kuongoza chama cha wafanyakazi. Na Watanganyika walipokuwa wakijitayarishia uhuru, waliutazama mfano wa Ruskin wakaanzisha Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Wanafunzi wake hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima waliotoka makazini, vyamani na mashambani. Tangu mwaka 2005 mahali hapo pamekuwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

TULIYOYAFANYA SISI WENYEWE

Asiseme mtu kwamba watu wetu ni maskini mno hata hawawezi kuchangia elimu ya juu. Historia yakanusha. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam, mwezi wa Oktoba 1961, hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, jengo la chama cha watu waliolipa kiingilio na ada kwa senti zao. Huko Kenya, miaka ya 1970 ya mwanzo, wananchi walichanga kwa harambee ili kujenga vyuo vya ufundi. Wakulima wa kahawa wa Nyeri walichangia Chuo cha Kimathi, nacho leo ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Watu wa Magharibi ya Kenya walichangia chuo cha Kakamega, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mbegu hizo zilipandwa na wakulima na walimu, si na mabenki.

Lakini harambee nayo ina ugonjwa wake, na si haki kuuficha. Mara nyingi ilikuwa ni siku moja ya shangwe. Mgeni rasmi hutangaza kiasi kikubwa, watu hupiga makofi, kesho yake fedha hazionekani. Wengine walilazimishwa kutoa na wakubwa wao wa kazi. Wengine walitoa ili wapigiwe kura. Ndiyo sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2003 juu ya maadili ya watumishi wa umma iliwawekea watumishi hao mipaka katika kuomba michango. Tena harambee hujenga ukuta, haimlipi mwalimu. Kuta zikisimama, shangwe imekwisha, na mshahara wa mwezi ujao hauna mwenyewe.

Tanzania ilipata chuo kikuu cha watu wenye kazi kwa sheria namba 17 ya mwaka 1992, ndicho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianza kazi mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, makamu mkuu wake wa kwanza. Makao yake ni Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na mwanafunzi husoma alipo, akiwa kazini mwake. Kwa hiyo mwalimu wa Kigoma au mwuguzi wa Lindi hana haja ya kuacha mshahara na watoto ili apate shahada. Chuo hicho ni cha umma, nayo ni haki Serikali ikitegemeze. Lakini je, kuwa cha umma kwatosha?

FEDHA ZA SERIKALI

Wako watu wasemao: sisi twalipa kodi, basi Serikali ilipe yote. Maneno hayo yana haki ndani yake. Elimu ya mwalimu wa leo ni faida ya watoto wa taifa zima, na Serikali isiyoitunza yajidhulumu yenyewe. Uingereza, kwa mfano, ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake kwa hati ya mwaka 1969, kikaanza kufundisha mwaka 1971 kikiwa na wanafunzi wapatao 24,000. Pasipo fedha za Serikali jambo kubwa la namna hiyo lisingewezekana.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2007 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku kwa wanafunzi wengi wa England wanaotafuta shahada iliyo sawa na ile waliyo nayo, au iliyo chini yake. Fedha zilizohusika zilikuwa kama pauni milioni 100 kwa mwaka. Vyuo vya vijana viliguswa kidogo. Birkbeck na Chuo Kikuu Huria viliumizwa sana, maana watu wazima ndio warudio shuleni kubadili kazi. Kisha mwaka 2012 ada za England zikapandishwa sana, na idadi ya wanafunzi wasomao huku wakifanya kazi ikaanguka vibaya. Waziri aliyeandika kanuni zile huenda hakukusudia ubaya. Aliwaza juu ya vijana, akawasahau watu wazima. Chuo chenye mfuko mmoja tu huanguka siku mfuko huo unapofungwa, hata ukiwa ni mfuko wa Serikali iliyo njema.

MAMBO YATUPASAYO

Kutokana na hayo twapata mafunzo manne, nasi twayaweka mbele ya wasomaji wetu, hasa wale walio katika vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, na mabaraza ya vyuo.

Kwanza, shilingi ya mfanyakazi itangulie. Si kwa sababu ni kubwa, bali kwa sababu ndiyo impayo haki ya kuuliza. Mtu aliyechanga, ijapokuwa kidogo, huuliza hesabu. Asiyechanga hungoja kuambiwa. Tena mchango huu usiwe wa siku ya shangwe. Uwe wa kila juma au kila mwezi, kwa hiari, kwa kukatwa katika mshahara wa aliyekubali kwa maandishi, au kwa kutumwa kwa simu. Siku hizi mtu aliye kijijini aweza kutuma Sh. 1,000 bila kupanda basi. Tufanye hesabu. Tuseme watu 2,000 waliokwisha kusoma katika chuo fulani watoe kila mmoja Sh. 1,000 kwa juma. Hizo ni Sh. 2,000,000 kwa juma, na kwa mwaka wa majuma 52 ni Sh. 104,000,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakijaombwa kwa mtu.

Pili, fedha za kujenga na fedha za kuishi zitengwe. Katika kila mchango sehemu iwekwe katika akiba ya kudumu ambayo mtaji wake hauguswi. Tuchukue nusu ya zile Sh. 104,000,000 tuiweke akiba kila mwaka. Baada ya miaka mitano mtaji ni Sh. 260,000,000, bila kuhesabu faida yake. Tuseme, kwa mfano tu, mtaji huo waleta faida ya asilimia 8 kwa mwaka, yaani Sh. 20,800,000, na bei za vitu zapanda kwa asilimia 4. Mwenye busara hatatumia faida yote. Atatumia nusu yake, Sh. 10,400,000, na nusu atairudisha katika mtaji ili thamani yake isiliwe na kupanda kwa bei. Fedha hizo si nyingi kwa chuo kizima. Lakini zatosha kuwashika mkono wale wanafunzi waliofikwa na msiba au ukame, ili wasiache masomo wakiwa wamebakiza mtihani mmoja. Nazo zitakuja mwaka hata mwaka, wala hazitegemei moyo wa mgeni rasmi.

Tatu, daftari liwe wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wadhamini wa mfuko wasiwe wale wale watumiao fedha zake. Mkaguzi wa hesabu atoke nje ya chuo. Kila atoaye apewe stakabadhi, na kila mwaka hesabu zitangazwe kwa lugha ambayo mchangaji aifahamu: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, amesaidiwa nani na nani, kwa idadi kama si kwa majina. Michango mingi ya nchi zetu haikufa kwa umaskini. Ilikufa siku mchangaji alipouliza swali akajibiwa kwa ukali.

Nne, zawadi kubwa zipokelewe, lakini kwa mapatano yaliyoandikwa kabla ya fedha kuingia. Wahenga wasema punda wa kupewa hatazamwi meno. Katika jambo hili hatuna budi kumtazama meno, na kwato pia. Mfadhili aweza kusema fedha zake ziwasomeshe wauguzi, au zinunue vitabu. Hiyo ni haki yake. Lakini asichague walimu, asifute somo, asipewe kiti cha kuamua nani afaulu. Wala zawadi ya mtu mmoja isiachwe iwe ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Akina Vrooman hawakuwa watu wabaya. Waliondoka tu. Kila mfadhili siku moja huondoka, kwa safari, kwa hasara, au kwa kufa.

Waajiri nao wasisahauliwe. Hospitali yenye mwuguzi aliyeongeza elimu yapata faida siku iyo hiyo; kadhalika shule, benki na kiwanda. Ni haki mwajiri alipe sehemu ya ada, au ampe mfanyakazi wake saa chache za kujitayarisha kwa mtihani. Saa hizo nazo ni mchango, na pengine kwa mwanafunzi zina thamani kuliko fedha.

NENO LA MWISHO

Huenda mtu akasema: mimi nilisoma kwa taabu, nikalipa ada yangu mpaka senti ya mwisho, kwa nini nilipe tena kwa ajili ya wengine? Twamjibu kwa upole. Ni kweli ulilipa ada. Lakini ada uliyolipa haikutosha gharama za elimu uliyopewa. Iliyobaki ililipwa na watu usiowajua, walipa kodi na wachangaji, wengine wao wakiwa hawajaingia darasani hata siku moja. Mkulima wa kahawa aliyechangia Chuo cha Kimathi hakutazamia kupata shahada. Fundi wa London aliyetoa mshahara wa siku yake hakuuona mwaka 1920. Walitoa, nasi tumekula.

Na leo, katika miji na vijiji vyetu, yuko mtu aliyekwisha kufaulu masomo ya miaka minne, amebakiza mmoja, naye anafikiri kuacha kwa ajili ya ada ya muhula. Jirani zake hawajui, maana haoni vema kuwaambia. Basi kila msomaji wetu aliyepata shahada huku akifanya kazi na aulize katika chuo chake kama upo mfuko wa wanafunzi wa namna hiyo. Ukiwapo, aombe kuona hesabu zake za mwaka uliopita, kisha aanze kutoa. Usipokuwapo, awakusanye wenzake kumi, wachague mweka hazina na mkaguzi, waandike kanuni zao katika ukurasa mmoja, na waanze na walicho nacho.